Somo: Packer ikikwama kwenye "Waiting for SSH", usianze na SSH

Packer ni zana ya kutengeneza imeji (nakala tayari) za mashine pepe, na huingia ndani ya mashine hiyo kwa SSH, yaani njia ya kuidhibiti kwa mbali. Ujumbe huu umewakesha wengi. Mtu akiuona anaanza kubadilisha nywila na funguo, kumbe SSH haina kosa: mashine pepe haijapata mtandao, au usakinishaji wenyewe haujaanza. Natumia VirtualBox na Ubuntu Server hapa.

1. Fungua skrini. Kwenye faili ya mipangilio ya Packer weka `headless = false`, kisha jenga kwa `PACKER_LOG=1 packer build -on-error=ask .` Bila hicho kipande cha `ask`, jengo likifeli Packer hufuta mashine na ushahidi wote.

2. Maelekezo ya usakinishaji (faili ya `user-data`) yamefika? Packer huwasha seva ndogo ya HTTP kwenye kompyuta yako, poti mojawapo kati ya 8000 na 9000, na kisakinishi huchukua maelekezo humo. Kikianza kukuuliza lugha, ujue hakikuyapata.

Bonyeza Ctrl+Alt+F2 upate teminali, andika `ip a`. Hakuna anwani ya IPv4? Shida ni DHCP (huduma inayogawa anwani za IP), ishia hapo kwanza. Ukiona 10.0.2.15, NAT (mashine kupitia mtandao wa kompyuta yako) iko sawa, na kompyuta yako inaonekana kama 10.0.2.2. Jaribu `curl http://10.0.2.2:POTI/user-data`, poti utaiona kwenye logi. Ikijibu 404, angalia `http_directory`, folda ambayo seva ile inatolea faili. Ikining'inia tu, hasa ukiwa umetumia bridge (mashine kuunganishwa moja kwa moja na mtandao wa nje) badala ya NAT, kagua faiawoli ya kompyuta yako.

Curl inaleta faili lakini kisakinishi bado kinauliza lugha? Tazama `boot_command`, maandishi ambayo Packer huyachapa mashine inapowaka. Kwenye GRUB (programu inayowasha mfumo) nukta-mkato hutenganisha amri, kwa hiyo `ds=nocloud-net;s=...`, inayomwonyesha kisakinishi maelekezo yalipo, hukatwa katikati. Andika `\;` au zungushia alama za nukuu. (Mimi hili lilinila siku mbili.) Halafu faili ya `meta-data` lazima iwepo, hata ikiwa tupu.

3. Jina la kadi ya mtandao. VirtualBox hutoa enp0s3, VMware mara nyingi ens33. Ukiandika eth0 kwenye netplan (mipangilio ya mtandao ya Ubuntu), mashine itawaka bila mtandao. Tumia `match` yenye `name: "en*"`.

4. Sasa SSH. `ssh_timeout` ya kawaida ni dakika 5, usakinishaji hauwezi kuiwahi, weka `30m`. Pia kisakinishi cha Ubuntu chenyewe hufungua SSH, Packer inabisha hodi mlango usio wake na kumaliza majaribio yake 10. Zima kwa `systemctl stop ssh` ndani ya `early-commands` za `user-data`.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, imeji inajengwa vizuri, ila mashine zote nikizitoa humo zinagombania IP moja. MAC (namba za kadi za mtandao) ni tofauti, nimehakiki.*
Zinabeba machine-id (kitambulisho cha mfumo) moja, na Ubuntu hujitambulisha kwa DHCP kwa kitu kinachotokana nayo, si kwa MAC. Hatua ya mwisho ya jengo iwe `truncate -s 0 /etc/machine-id`.

*Kwa Windows je?*
Huko badala ya SSH ni WinRM, huduma ya Windows ya kudhibiti mashine kwa mbali, poti 5985. Mtandao ukiwa umewekwa Public, haikubali. Ugeuze uwe Private kwanza, ndipo uiwashe.

*SSH inaingia, lakini apt inagoma. Ofisini tuko nyuma ya proksi.*
Proksi ya kompyuta yako haihamii ndani ya mashine yenyewe. Ipitishe kwenye `environment_vars` za provisioner (sehemu ya Packer inayoendesha amri ndani ya mashine), kama `http_proxy` na `https_proxy`. Ukitumia sudo, ongeza `-E`, la sivyo itazitupa njiani.

*Nimerudia hatua ya 2, ilikuwa ile nukta-mkato. Asante sana.*
Karibu kwenye chama, ndugu.