Beyblade X, zile pia za kisasa za kupambanisha, kwa anayeanza: soma hapa kabla ya kuniuliza

Kila jioni pale Mkunguni, hapa Lamu, naulizwa yaleyale, na usiku yananifuata kwenye simu. Nayaandika mara moja.

1. Nunua boksi lenye kirushio. Mengine huwa na pia peke yake.

2. Jua vipande vitatu: bledi ni ile ya juu, yenye chuma, racheti hukaa kati, biti ndiyo ncha. Dran Sword 3-60F ina racheti ya pembe 3, kimo cha milimita 6, na biti F, yaani bapa. Vipande vya Beyblade Burst, toleo la nyuma la 2015, haviingiani na hivi.

3. Kuunganisha. Hapa niliharibu. Nilikaa barazani kusi likivuma, mchanga ukaingia kwenye racheti, ikakataa kufunga. Nikailazimisha kwa koleo, kijino kikakatika, nikangoja wiki nzima mtu atoke Mombasa na nyingine. Fanyia ndani, juu ya kitambaa. Pitisha mswaki mkavu kila kiungo. Sukuma biti ndani ya racheti mpaka ilie, kisha tia racheti kwenye bledi uzungushe mpaka ishike. Ikikataa, toa, safisha, anza upya. KOLEO USIGUSE. Mafuta usitie, hata ya nazi: yanashika mchanga.

4. Chezea uwanjani mwake, lile bakuli la plastiki lenye mifuko ukingoni. Saruji inakula ncha.

5. Kirushio kilale sawa, vuta kwa mkupuo mmoja. Usiinamie uwanja; chuma kikiruka kinaelekea jichoni.

6. Pia yako ikidumu kuliko ya mwenzio, alama 1. Ukiivunja yake vipande au ukaitia mfuko wa pembeni, 2. Mfuko wa kati, 3. Wa kwanza kufika 4 ameshinda.

MASWALI

Kijana wa Langoni: Yangu haifungi, shida nini?
— Hatua ya 3.

Kijana wa Langoni: Nimepitia juu juu. Nimejaribu na bisibisi.
— Nimeandika koleo, na bisibisi ni yaleyale. Soma yote, ndugu yangu, kisha utume picha.

Binti Shela: Kwa nini ya F hukimbia ghafla kama imesukumwa? Kwenye karai la mama haifanyi hivyo.
— Umeangalia vizuri. Ukingo wa uwanja una reli ya meno, na biti ina meno yake. Yakishikana, pia inachomoka. F hutembea duara pana, ndiyo maana huifikia reli. Biti N ina ncha nyembamba, hukaa kati ikingoja. Karai halina reli. Inamisha kirushio kidogo tu, utaona inavyoiwahi reli. Ukizidisha itajitupa mfukoni yenyewe.

Ami wa Mkomani: Zetu zilikuwa za mti, msumari chini. Msumari ukikaa upande, pia inatangatanga.
— Shikamoo Ami. Ndiyo kazi ya biti hiyo! Hata Takara wa Japani, walipozitoa za kwanza 1999, wazo walilitoa kwa beigoma, vijipia vya chuma vya kurusha kwa kamba. Zenu mliifunga vipi kamba?

Ami wa Mkomani: Marahaba. Anzia msumarini upande juu, na uilowanishe kwanza isiteleze. Ninayo moja ndani, nitakuletea baada ya Alasiri.