Mtazame farasi wako kwa nyuma, kwenye visigino

Wageni wakifika mabandani kwetu, hapa Karen, Nairobi, huinama wakazitazama kwato kwa mbele, wakaona zinang'aa mafuta, wakaridhika. Mimi ni saisi, mtunza farasi, mwaka wa 19 sasa. Mafuta yale nayapaka mwenyewe, na nakwambia hayasemi kitu. Habari ziko nyuma.

Kabla hujainua mguu, tazama mwendo. Mwenzako amtembeze farasi polepole kwenye sakafu tambarare, nawe uchuchumae ubavuni. Kisigino kiguse chini kwanza, au ukwato ukanyage bapa wote kwa pamoja. Ncha ikitangulia na hatua zikawa fupi, jua anakikwepa kisigino kwa sababu kinamuuma. Tulikuwa na jike wa kijivu aliyejikwaa hata pasipo na jiwe. Tulimwita mvivu, tukamkanda bega wiki mbili nzima. Bega halikuwa na kosa lolote.

Sasa inua mguu, chokoa uchafu. Katikati ya wayo kuna kinofu cha umbo la V, kinachobonyea kama mpira. Sisi twakiita frogi. Frogi nzima ni nene, na upana wake kwa nyuma unazidi nusu ya urefu wake. Katikati yake pana kibonde kifupi, kama alama ya kidole gumba kwenye donge la chapati. Hapo ndipo pa kukawia. Kibonde kikiwa kimegeuka ufa mwembamba unaopanda kuelekea kwenye nywele, kuna uozo ndani, hata kama nje panaonekana pakavu. Nilipopitisha pamba kwenye ufa wa yule jike, alinipokonya mguu. Pamba ilitoka nyeusi, na harufu yake ilibaki vidoleni hadi kesho yake, sabuni au bila sabuni.

Ilikuwa Mei, mvua za masika, maranda yamelowa mkojo. Vijidudu vya uozo huu hupenda mahali pasipoingia hewa. Basi badilisha maranda kwanza, maana dawa juu ya uchafu ni kazi bure. Fundi wa kwato aondoe sehemu zilizokufa, nawe kila siku osha, kausha, upachike pamba yenye iodini iliyozimuliwa. Nimeona masaisi wakimwaga dawa ya kung'arishia nguo. Msifanye hivyo, inaunguza nyama hai.

Kuna visigino vilivyobanana: mashavu mawili ya nyuma yamesongamana kama mtu aliyevaa suruali ya mdogo wake. Mara nyingi ni kiatu cha chuma kilicho kidogo, au misumari iliyopigwa nyuma mno, hivyo kisigino hakiwezi kutanuka kinapobeba uzito. Lakini maumivu ya muda mrefu nayo hukibana, kwa kuwa farasi hakitumii.

Na vipo vilivyolala. Simama ubavuni, weka penseli moja sambamba na mteremko wa ncha, nyingine sambamba na kisigino. Zikaribie kwenda pamoja. Ya kisigino ikilala zaidi ya nyuzi 5 kuliko ya mbele, kisigino kinakimbilia chini ya ukwato, na ncha ndefu ndiyo inayokivuta. Farasi wa mbio waliostaafu huja hivi sana. Fundi arudishe ncha nyuma kidogo kidogo, kila wiki 4 au 5. Ukwato hukua chini ya sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo mwenye haraka atafute pikipiki.

Uozo ukiisha na kuchechemea kusiishe, mwite daktari wa mifugo apige picha ya eksirei. Ndani, juu ya frogi, kuna mfupa mdogo wa navikula ambao macho yako hayaufikii.

Ufa wa jike wetu ulichukua miezi 4 kufunguka ukawa kibonde tena. Siku hizi anatanguliza kisigino, ila ule mguu wa kushoto haushiki mtu kabla hajampa karoti.