Somo: Kuandika ujumbe ibukizi mfupi kwenye tovuti ya lugha nyingi

Ujumbe ibukizi ni ule unaojitokeza wenyewe juu ya ukurasa (pop-up). Somo hili ni kwa mnaojenga tovuti za kampuni za utalii hapa Arusha na Moshi, ambako mteja mmoja anasoma Kijerumani, mwingine Kifaransa, na karani wa ofisini anafungua tovuti hiyohiyo kwa Kiswahili. Mfano wetu: mteja anaweka nafasi ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame, siku saba, na kadi yake inakataliwa.

Hatua ya 1: Je, kuna haja ya kuibuka?
Dirisha linaloziba ukurasa liwe la jambo lisiloweza kuendelea bila mteja kujibu. "Karibu kwenye tovuti yetu" si jambo hilo. Bosi akiling'ang'ania, mwambie tangu Januari 2017 Google inaweza kuushusha ukurasa wa simu unaofunikwa na dirisha kubwa mara tu mtu anapotoka kwenye matokeo ya utafutaji. Hoja hiyo huwa wanaielewa haraka.

Hatua ya 2: Anza na Kiswahili
Wengi wetu huandika Kiingereza kwanza, kisha tunapata "Samahani, ombi lako la malipo halikuweza kukamilishwa kwa wakati huu." Mteja anataka kujua mawili tu: kimetokea nini, na afanye nini. "Malipo hayajapita. Jaribu kadi nyingine." Imetosha. Samahani iwekwe pale kosa ni la mfumo wetu.

Hatua ya 3: Vitufe
Dirisha linauliza "Unataka kughairi safari?" na chini yake kuna "Ghairi" na "Sawa". Ukibonyeza Ghairi, umeghairi safari au umeghairi kughairi? Nimeliona hili kwenye tovuti zilizolipiwa pesa nzuri. Kitufe kitaje tendo lenyewe: "Futa safari" na "Baki nayo".

Halafu usikipe kitufe upana wa kudumu. Hifadhi ina herufi 7, Speichern ya Kijerumani 9, Enregistrer ya Kifaransa 11. Aliyechora kwa Save yenye herufi 4 ataona maneno yakimwagika nje. Acha upana ufuate maneno, na vitufe vipangane juu na chini kwenye skrini nyembamba. Jaribu kwa upana wa pikseli 320.

Hatua ya 4: Usiunge sentensi kwa vipande
Hapa ndipo tovuti nyingi zinapoumbuka. Msanidi anaweka jina la kitu, kisha anabandika "imefutwa" nyuma yake. Picha imefutwa, sawa. Lakini ujumbe umefutwa, faili limefutwa, chumba kimefutwa. Kifaransa nacho kina jinsia zake, kwa hiyo kipande kilekile kitaharibika huko kwa namna nyingine. Dawa ni kuandika sentensi nzima kwa kila kitu, katika faili la kila lugha. Faili litarefuka, ndiyo, lakini mteja halioni.

Idadi nayo: "Mgeni 1 ameongezwa", "Wageni 3 wameongezwa". Nomino inabadilika na kitenzi kinabadilika, kwa hiyo andika sentensi mbili. Intl.PluralRules iliyomo kwenye kivinjari itakuambia namba iko kundi gani, la umoja au la wingi: Kiswahili kina makundi 2, Kiarabu 6.

Saa ndiyo yenye hatari zaidi, maana hapo mtu anapoteza nafasi. Ukichomeka 18:00 kwenye Kiswahili unapata "Lipa kabla ya saa 18:00", ilhali karani anasema saa 12 jioni. Kivinjari hakitakugeuzia, panga hesabu hiyo mwenyewe, na usisahau kuandika asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Hatua ya 5: Taja lugha
Weka lang="sw", lang="de" na kadhalika ili kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona, kitamke ipasavyo. Taarifa ya kawaida ipe role="status", ya dharura role="alert".

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Ujumbe ukae sekunde ngapi kabla ya kupotea?* (Sakina)
Marahaba. Wa mafanikio unaweza kupotea wenyewe, ila pima kwa lugha yenye maneno marefu kuliko zote ulizonazo. Wa kosa usiondoke mpaka mtu aufunge.

*Naweka bendera za kuchagulia lugha. Kiswahili niweke ya Tanzania?* (Moshi, Majengo)
Na mteja wa Mombasa? Na Mjerumani unampa ya Ujerumani huku Mwaustria anasubiri? Andika majina tu: Kiswahili, Deutsch, Français.

*Google Tafsiri si inatosha kwa maneno mawili matatu?* (Njiro)
Maneno mawili matatu ndiyo magumu zaidi, kwa sababu mashine haijui yanakaa wapi. Mjini kuna waongoza watalii wanaozungumza Kijerumani vizuri. Mlipe mmoja, mpe na picha ya skrini yenyewe. Orodha tupu ya maneno itampoteza hata yeye.

*Kaka, bosi anataka tuongeze Kiarabu. Alama ya kufunga inakaa wapi?* (Sanawari)
Kushoto, maana Kiarabu huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto. Weka dir="rtl", na kwenye mitindo (CSS) tumia margin-inline-start badala ya margin-left; ukurasa utageuka wenyewe. Ile alama usiifanye ndogo: WCAG 2.2, mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika na watu wote, wa mwaka 2023, unataka angalau pikseli 24 kwa 24, nami naweka 44.