Balikuita ku kazi na balitaja feza: namna ya kuzungumuza mushahara mbele ya kusinye kontra

Jambo yenu bote. Hii somo iko ya mutu mwenye alishapita mu intervyu, simu ililia, balimwambia "tunakukamata", na balimutajia namba. Pale njo bengi yetu huku Lubumbashi tunapoteza, juu tulikomea mu nyumba kwenye kazi ni neema ya Mungu na mutu mwenye anauliza-uliza anaonekana hana adabu, basi unajibu "merci shefu" na ile namba inakufuata miaka yote. Nilifanya mu biro ya RH (yenye inashugulikia mambo ya batumikaji) ya hapa mujini, ofre za namna hii nilikuwa naziandika kwa mukono wangu. Nakuambia kwa roho yote: mara mingi ile namba ya kwanza iko na nafasi juu yake, haina kubwa kila siku, lakini iko. Na shefu hakasirike mutu akiuliza kwa heshima mbele ya kusinye. Anakasirika kama ulishasinye kiisha unaanza kulalamika.

Tuende mupole mupole.

1. Ku simu, shukuru, usiitike bado

Sema tu hivi: "Nashukuru sana shefu kwa imani yenu, hii kazi inanipendeza. Munaweza kunitumia ofre mu mesaje ao mu imeili niisome vizuri, nitawajibu kesho kutwa?" Hauseme ndiyo, hauseme hapana. Mukubwa wa kazi mwenye iko serye hatakatala. Ule mwenye anasema "jibu saa hii ao tunapatia mwingine", ujue hata kontra yake itakuwa ya haraka vile vile.

2. Vunja ile namba mu vipande

Hapa njo nataka musome pole, juu karibu mambo yote iko hapa.

Bakikuambia "dola 700", haujue bado kitu. Uliza: 700 neti (kile utapokea mu mukono) ao bruti (mbele ya makato)? Ku bruti batatosha CNSS (kesi ya pensio), sehemu ya mutumikaji ni 5%, na kiisha IPR (kodi ya mushahara) yenye inapanda kwa ngazi namna mushahara unapanda. Kile kinabakia njo utapeleka ku nyumba.

Kiisha uliza: salere ya baze (mushahara wenyewe, bila nyongeza) ni ngapi ndani ya ile 700? Mara mingi utakuta baze ni 350, lojema (feza ya nyumba) 200, transporti 150. Batu banaona yote inaingia mu mufuko moja, basi hakuna tofauti. Tofauti iko kubwa! Kode ya kazi ya Kongo, ile sheria 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 (baliirekebisha mu 2016), inasema wazi kama lojema, transporti, matunzo ya hopitali na allokasyo ya familia ya sheria haviingie mu kile sheria inaita mushahara. Sasa feza ya konje yako (siku za kupumuzika) inahesabiwa ku mushahara. Saa za ziada pia. CNSS yako ya uzee pia. Na kama kampuni inalipa mwezi wa kumi na tatu, karibu kila mara inalipa ku baze tu.

Tupige hesabu. Sheria inasema saa 45 mu juma, ni kama saa 195 mu mwezi. Baze ya 350, saa moja ni karibu dola 1,8. Baze ya 500, saa moja ni karibu 2,6. Saa sita za kwanza za ziada mu juma zinaongezwa 30%, basi mutu wa kwanza anapata 2,3 ku saa na mwenzake 3,3, na bote bawili balisikia "dola 700" ku simu. Kama kazi yako ni ya kukesha-kesha, ya shantiye ao ya mashini, hii kitu haina ndogo.

Lakini sitaki kukudanganya: baze ikipanda, na makato inapanda kidogo. Kama unaomba tu bahamishe feza kutoka lojema kuipeleka ku baze bila kuongeza kitu, kile unapokea mwisho wa mwezi kinaweza kushuka. Njo maana bora uombe nyongeza na useme ile nyongeza iingie ku baze.

Lojema na matunzo ya hopitali haviko zawadi. Kode inamubana patro apatie mutumikaji nyumba ao feza ya nyumba, na atunze yeye na familia yake bakigonjwa. Kwa hiyo uliza: hopitali gani? Bibi na batoto beko ndani? Ni dawa yote ao kuko kipimo? Nilishaona kijana anapigania dola 50 ku mushahara na hakuuliza hii, na mutoto wake iko na ugonjwa wa damu wenye unapeleka ku hopitali kila mara.

3. Tafuta bei ya ile kazi

Usiende na namba ya ndoto. Uliza batu tatu-inne benye banafanya kazi ya namna yako, mu kampuni ya ukubwa ule ule. Mekanisye wa garaje ya mujini na mekanisye wa maroli kubwa za ku mine, bei haina moja. Kontabule wa duka ya huku komine Kenya na kontabule wa kampuni kubwa pia hapana. Ukikosa wa kuuliza, pita ku benye mulisoma naye, ao bazee ba ku kanisa benye balishafanya ku Gécamines (ya mine) ao ku SNCC (ya treni), hata kama bei zilibadilika banajua mutu wa kukutuma kwake.

Na kama kazi iko Kolwezi ao Fungurume na nyumba yako iko huku, hesabu ingine inaingia: Kolwezi iko karibu kilometa 300, nyumba ya kupanga kule inauma, utakuwa na jiko mbili na transporti ya kurudia kuona batoto. Feza yenye inaonekana nyingi huku inaweza kuwa kidogo kule. Uliza kama kuko kampi, nani analipa bisi, unatumika siku ngapi na unapumuzika ngapi.

4. Sema

Andika namba tatu mu karatasi yako peke yako: yenye utaomba, yenye utafurahi nayo, na yenye chini yake unakatala. Ile ya tatu usiambie mutu, hata rafiki mwenye anafanya mu ile kampuni.

Barua itaenda mu kifaransa, njo luga ya biro. Lakini ku simu ao uso kwa uso, kiswahili chenye heshima kinafanya kazi mingi. Namna hii:

— Shefu, nilisoma ofre vizuri, nashukuru. Kazi naitaka. Kitu kimoja njo nilitaka tuzungumuze, salere ya baze. Kwa hii kazi, na ile miaka nilifanya ku mashini za namna ile ile, nilikuwa naona baze ya 480.
— Eh, baje yetu haifike pale.
— Naelewa shefu. Munaweza kufika wapi?

Kiisha nyamaza. Kabisa. Bengi banaharibikia hapa, banaogopa ile kimya, banaanza kujishusha benyewe "hata 400 sawa, hata 380 hakuna shida", na shefu hajafungua kinywa.

Usiombe na matatizo yako. "Niko na batoto batano, muzee anagonjwa", ni kweli na inauma, lakini RH hana kisanduku cha kuandika ile. Anaweza kuandika: iko na permi ya maroli kubwa, iko na brevet ya usalama, anajua luga tatu, alisimamia batu kumi. Mupe kitu cha kupeleka ku mukubwa wake.

Wakikatala ku baze, geuka upande: siku za konje (sheria inapatia siku moja ya kazi kwa kila mwezi, ni 12 ku mwaka, mingine yote unaweza kuzungumuza), masomo, simu na megabaiti, ao kurudilia kuzungumuza mushahara kisha esei (muda wa kukujaribu ku kazi). Ile ya mwisho naipenda sana, lakini iandikwe. "Tutaangalia mbele" haina kitu.

5. Soma kontra

Kode inataka upewe kopi ya kontra mbele, siku mbili za kazi mbele ya kusinye, basi kuomba kuipeleka ku nyumba haiko ukaidi. Angalia:

Jina la patro, ni kampuni gani kweli. Kazi yako inaandikwa namna gani. Namba zote za ku simu ziko ndani, moja moja.

Esei: haipite miezi 6, na kwa manevre bila ufundi haipite mwezi 1. Lazima iandikwe, bila maandishi haina esei, na ukiendelea kutumika kupita ile muda, ulishakuwa mutumikaji wa kweli.

Muda: kontra yenye iko na mwisho haipite miaka 2. Kwa mutu mwenye alioa na bamemutenganisha na familia yake, haipite mwaka 1. Bakikutumikisha bila karatasi yoyote, sheria inakukamata kama mutu wa kontra bila mwisho, mupaka patro alete ushahidi mwingine. Chunga mesaje na fishi za pee.

6. Kazi ya zamani

Usiandike barua ya kuacha kazi mbele ya kontra mupya kuwa na sinyatire mbili. Batu banarusha kazi juu ya simu moja, kiisha ule shefu mupya "projet ilisimama". Preavi (siku za kuonya mbele ya kuacha kazi) ya mutumikaji ni nusu ya ile ya patro, na ya patro ni siku 14 za kazi plus siku 7 kwa kila mwaka muzima. Mutu wa miaka 4, patro angemupa 42, basi yeye anapatia 21. Angalia na konvansyo (mapatano ya patro na batumikaji) ya kampuni yako, inaweza kuomba zaidi. Ambia patro mupya ile tarehe mapema.

Maswali yenu

*Dada wa Katuba:* Yaya, mimi balinilomba mu intervyu yenyewe "unataka ngapi?" mbele hata ya kuniambia kazi yote. Nilibakia kimya. Niseme nini?

Dada, rudisha swali kwanza: "Muliweka ngapi mu baje ya hii kazi?" Bengine banajibu pale pale. Bakikaza, taja namba mbili, ya chini ikuwe ile yenye utafurahi nayo, haina ile ya kukatala, juu masikio yao inakamata paka ya chini. Na sema wazi kama ni ya baze ao ya yote, bruti ao neti, usiache hewani.

*Kijana wa Ruashi:* Mukubwa, niko ku soutretansi (kampuni yenye inatumikia kampuni ingine), natumika ndani ya mine ya Kolwezi, kontra ya miezi mitatu, balishairudilia mara inne. Naweza kuomba kitu?

Ndugu yangu, soma Kode vizuri: kontra yenye iko na mwisho inarudiliwa mara moja tu na patro ule ule, isipokuwa kazi za musimu ao kazi yenye ilielezwa wazi mwanzo na mwisho. Na kama ile nafasi ni ya kila siku, haiishe, kontra inapashwa kuwa bila mwisho. Patro wako ni ule mwenye aliandikwa ku kontra, haina mine, basi yeye njo wa kuzungumuza naye. Kusanya kontra zote, pita ku Inspection du travail ao ku sendika, ulomba shauri mbele ya kufungua kinywa kule. Usiende peke yako na hasira.

*Papa wa Kampemba:* Banasema dola lakini banalipa franka. Mwisho wa mwezi namba inacheza.

Papa, sheria yenyewe inataka mushahara utajwe mu feza ya inchi, njo maana kontra mingi inaandika franka. Shida ni bei ya dola yenye banatumia. Mu 2025 dola ilianguka mbele ya franka, na batu benye hawakuandika bei gani itatumika baliona. Omba kontra iseme: bei ya Banki Kuu, ya siku gani, ao bei yenye kampuni ilisimamisha na itaangaliwa kila miezi mingapi. Mustari moja tu, papa.

*Mutu wa Kenya:* Balinipatia ofre nzuri sana lakini kuko dola 150 ya "kufungua dosie". Nilipe?

Hapana! Usilipe hata mia. Kuandikisha ku ONEM (biro ya Serikali ya kutafutia batu kazi) hakuhitaji mutu wa katikati. Ule ni mwizi, hata kama karatasi iko na kashe.

*Dada wa Kamalondo:* Nilishasema ndiyo kwa kampuni moja, sijasinye, sasa ingine inanipatia dola 200 juu. Nafanya aje?

Dada, ungesema "nitasoma kwanza" ungekuwa huru, lakini hata sasa haujasinye, basi haujafungwa. Piga simu leo, usitume mesaje, usiwaache bakingoje Lundi. Waambie kweli: nilipata ofre ingine, tofauti ni hii, lakini yenu njo naipenda, munaweza kufanya kitu? Sema hivyo kama kweli unaipenda, na kama bakiongeza utabakia. Kama moyo ulishatoka, shukuru na uwaachilie batafute mwingine. Na mbele ya yote, vunja ile ofre ya pili mu vipande: ile 200 iko ku baze ao iko ku transporti?