Kunguruma bila kuumiza koo: hatua kwa hatua, kutoka Mwanza

Kijana akija kwangu kujifunza sauti ya kunguruma ya hevi metali, ule muziki wa roki wa magitaa mazito, huanza kwa kunionyesha anachokiweza. Anavuta pumzi mpaka mabega yanapanda, anakaza shingo, anapiga kelele. Dakika mbili baadaye anakohoa. Huko ni kufoka. Makonda wa daladala hufoka hivyo kutwa nzima, na ikifika jioni wengi sauti imekwisha. Nami nilianza hivyohivyo, nikishindana na dramu kwenye chumba kidogo cha Mabatini, nikakaa karibu wiki mbili siwezi kuongea vizuri. Sitaki yakukute.

Kwanza ujue kilichomo shingoni. Gusa kile kifundo kinachopanda na kushuka unapomeza: hilo ni zoloto, na ndani yake zimo nyuzi sauti mbili. Mwanamume akiongea, nyuzi hizo hugongana mara mia na zaidi kila sekunde. Kwa mwanamke ni karibu mara 200. Ni laini, huvimba upesi. Juu yake kidogo ipo mikunjo mingine miwili, minene zaidi, inayoitwa nyuzi bandia. Kwenye maongezi ya kawaida haina kazi. Mngurumo mzito wa deth metali, tawi kali la hevi metali, unapatikana kwa kuisogeza mikunjo hii ya juu ikaribiane na kuiacha hewa iitikise, huku nyuzi za chini hazibanwi kwa nguvu.

Upo mtindo mwingine, mkavu, unaotokana na ile sauti ya mkwaruzo ya mtu aliyeamka sasa hivi. Huo siufundishi kwa maandishi; mwanafunzi hukosea bila kujua, na inafaa awepo mtu wa kumsikiliza.

Hatua ya 1: Maji. Kunywa tangu asubuhi. Maji unayomeza hayapiti kwenye nyuzi sauti, yanashuka tumboni, kwa hiyo gilasi moja ya dakika ya mwisho haikuokoi. Epuka moshi wa mkaa na wa samaki wa kubanika kabla ya mazoezi. Kama una kiungulia, kitibu, maana asidi inayopanda usiku huunguza koo.

Hatua ya 2: Pumzi. Lala chali kwenye mkeka, mkono juu ya tumbo. Vuta hewa tumbo na mbavu za pembeni zitanuke, mabega yatulie. Itoe kwa “sss” iliyo sawasawa, sekunde 20, halafu 30. Ikiyumba, rudia. Wengi huiruka hatua hii kwa kuwa haina kelele, kisha wanakuja kulipa kooni kile walichokikwepa tumboni.

Hatua ya 3: Kupasha sauti. Chukua mrija, uzamishe ncha yake kina cha vidole viwili ndani ya gilasi ya maji, uvumishe “uuu” ukipanda na kushuka kwa dakika tano. Mapovu yatoke bila kukatika. Msukumo wa maji unaorudi nyuma hupunguza nguvu ya nyuzi kugongana.

Hatua ya 4: Kuitafuta mikunjo ya juu. Hapa usiwe na haraka. Nenda Mwaloni, Kirumba, uwaangalie wanaobeba magunia ya dagaa. Mtu anapoinua gunia koo hujifunga kabisa, halafu hutoa mguno mfupi. Koo linapojifunga vile, nyuzi bandia nazo hukutana. Ukiwa nyumbani, kaa kwenye kiti, ushike kingo zake uvute juu kana kwamba unajiinua pamoja nacho. Umesikia koo linavyofunga? Lilegeze nusu. Sasa pumua “haaa” kama unayetia ukungu kwenye kioo, pasipo sauti. Changanya hiyo hewa ya joto na kile kifungo kidogo.

Kitakachotoka mwanzoni ni kidogo, kama injini ya mtumbwi inayosikika kwa mbali. Kinatosha. Unatakiwa kuhisi mtikisiko, usihisi mkwaruzo. Ukitekenywa, ukikohoa au ukisikia kuchomwa, acha hapohapo, unywe maji, urudi kesho. Ukubwa wa sauti uwe wa mtu anayeongea na mwenzake mezani. Kazi ya kuikuza ni ya maiki. Wanafunzi hawanisadiki nikisema hivyo, hadi wajirekodi kwa simu.

Hatua ya 5: Maneno. Anza na “ho”. Irabu o na u huufanya mngurumo uwe mzito, e na i huunyanyua. Kiswahili kinatubeba hapa: silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, hivyo hewa haikatiki. Jaribu “moto”, “giza”, “ziwa”.

Hatua ya 6: Kipimo. Kabla ya mazoezi, imba noti ya juu kwa sauti ndogo kabisa. Baada ya mazoezi iimbe tena. Ikikataa kutoka au ikitoka na hewa tupu, nyuzi zimevimba. Wiki mbili za kwanza dakika tano za kunguruma kwa siku zinatosha, na siku moja ya kupumzika kila baada ya mbili.

Kuhusu mahali: usiende kufanyia mazoezi kwenye vilima vya mawe usiku. Usukumani yowe la gizani ni mwano, wito wa kuomba msaada, na watu watatoka na fimbo kweli. Si haki kuwaamsha bure. Fanyia chumbani mchana, godoro limeegeshwa dirishani, na majirani uwe umewaambia.

Jukwaani usikifunike kichwa cha maiki kwa kiganja. Sauti huziba na spika huanza kupiga mluzi. Kama huisikii sauti yako, mwombe fundi mitambo akuongezee sauti kwenye spika ya mbele yako. Asiyeisikia sauti yake husukuma, na anayesukuma huumia.

Sauti ikikwaruza, nyamaza. Kunong’ona si kupumzika, nako kunaweza kuzichosha nyuzi. Usimeze dawa ya maumivu wala kumumunya pipi ya kutia koo ganzi ili umalize shoo, kwa sababu maumivu ndiyo yanayokuambia usimame. Wiki mbili zikipita sauti haijarudi, muone daktari wa masikio, pua na koo, umweleze wazi kwamba wewe ni mwimbaji na unaimba namna gani. Ukitema damu, usingoje hizo wiki mbili.