Jinsi ya kupeleka hoja kwenye bunge la wanafunzi chuoni, kuanzia malalamiko hadi utekelezaji

Taa za vimbweta, yaani meza na viti vya nje vya kujisomea, vya nyuma ya hosteli zimezimika tangu muhula uliopita. Grupu la WhatsApp la kozi limejaa lawama, na kila baada ya siku mbili kuna anayeuliza kama serikali ya wanafunzi ipo au imelala. Ipo. Ila bunge la wanafunzi halifanyii kazi meseji za WhatsApp. Linafanyia kazi hoja iliyoandikwa, ikapokelewa na ikapangwa kwenye orodha ya shughuli. Mwanafunzi yeyote anaweza kuianzisha, hata asiye mbunge.

Maelezo haya yanahusu vyuo vikuu vya Tanzania. Serikali za wanafunzi kama DARUSO ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au UDOSO ya Dodoma zinafanana kwa umbo: kuna rais na mawaziri wake, kuna bunge lenye spika, na kwa kawaida kuna chombo cha kuamua migogoro ya katiba na uchaguzi. Kwingine bunge huitwa baraza la wawakilishi. Kabla ya yote, tafuta nakala ya katiba ya serikali yenu ya wanafunzi na kanuni za bunge lenu. Ofisi ya serikali ya wanafunzi lazima iwe nayo. Wakikwambia haipo, nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi, afisa wa chuo anayeshughulikia mambo ya wanafunzi.

Hatua ya kwanza: jua nani ana mamlaka juu ya jambo lako

Hapa ndipo hoja nyingi hufia, tena kabla hazijaandikwa. Bunge la wanafunzi lina nguvu za aina tatu, na hazilingani.

Kwanza kuna mambo yake lenyewe: bajeti ya serikali ya wanafunzi, matumizi ya michango mnayolipa wakati wa usajili, uthibitisho wa mawaziri, marekebisho ya katiba. Hapa bunge lina meno. Waziri wa Fedha akileta bajeti yenye fungu nono la "safari za viongozi", mbunge anaweza kushika shilingi, yaani kuzuia fungu lisipite mpaka apewe maelezo, kama wanavyofanya wabunge wa taifa kule Dodoma.

Pili kuna mambo ya chuo: hosteli, maktaba, ratiba ya mitihani, bei za kafeteria. Hapa bunge linaazimia, chuo ndicho kinaamua. Azimio hupita kwa Mshauri wa Wanafunzi, na likiwa zito hubebwa na wawakilishi wa wanafunzi wanaoketi kwenye kamati za chuo, Seneti na Baraza la Chuo. Wawakilishi hao wengi wenu hamuwajui hata kwa majina. Wajue, kwa sababu ndani ya vikao hivyo wanafunzi wengine hawaingii.

Tatu kuna mambo ya kitaifa, na mfano wake mkubwa ni bumu, fedha ya kujikimu inayotokana na mkopo wa elimu ya juu. Bodi ya Mikopo imeundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na viwango vyake havipangwi na bunge la chuo chochote. Fedha ya chakula na malazi ilipopanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023, uamuzi ulitoka serikalini. Hoja ya bumu iandikwe kumtaka rais wenu alifikishe jambo TAHLISO, jumuiya inayounganisha serikali za wanafunzi wa elimu ya juu. Lakini kama tatizo ni orodha ya majina ya wanaotakiwa kusaini bumu iliyochelewa kufika chuoni, hilo ni la dawati la mikopo la hapo hapo, na bunge linaweza kumuita waziri husika ajieleze wiki hiyo hiyo.

Taa za vimbweta ni za kundi la pili. Tuendelee nazo.

Hatua ya pili: kusanya ushahidi, kisha mtafute mbunge wako

Piga picha usiku, hesabu taa zisizowaka, andika lini mlitoa taarifa kwa meneja wa hosteli na alijibu nini. Ukurasa mmoja unatosha.

Mbunge wako ni yule aliyechaguliwa na kitivo chako au hosteli yako. CR, yaani mwakilishi wa darasa, si lazima awe mbunge, ingawa atakuelekeza. Usianzie kwa waziri: huyo yuko upande wa serikali, na hoja yako inaweza kuwa inamgusa yeye mwenyewe. Mbunge akikukwepa, kwa kawaida mbunge mwingine anaweza kuibeba kama hoja binafsi. Watafute wale wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa tatu akili iko kwenye risechi, na wa kwanza bado wanaogopa kipaza sauti.

Hatua ya tatu: iandike hoja ili iweze kutekelezwa

Wengi huandika insha ya hasira kurasa nne. Bunge linapiga kura juu ya sentensi ya mwisho tu, ile ya azimio, kwa hiyo nguvu yako iweke hapo. Mfano:

"Kwa kuwa taa 9 kati ya 14 za vimbweta vya nyuma ya hosteli haziwaki; na kwa kuwa taarifa ilitolewa kwa meneja wa hosteli kwa barua na haijajibiwa; hivyo basi, Bunge hili linaazimia kwamba Waziri wa Malazi awasilishe ombi la matengenezo kwa Mshauri wa Wanafunzi ndani ya siku 7, na alete taarifa ya maandishi katika kikao kijacho."

Angalia kilichomo: nani, afanye nini, kwa nani, lini, na arudi wapi. Linganisha na azimio la aina hii, ambalo nimelisoma katika mihtasari mingi kuliko ninavyopenda: "Bunge linautaka uongozi kulifanyia kazi suala la taa." Uongozi upi? Kazi gani? Azimio hilo litapigiwa makofi na kusahaulika kabla wabunge hawajatoka ukumbini.

Hatua ya nne: ipeleke kwa katibu wa bunge

Peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine igongwe muhuri au isainiwe na tarehe, urudi nayo. Kanuni huweka idadi ya siku ambazo hoja lazima iwe imefika kabla ya kikao. Ukichelewa, utasubiri kikao kinachofuata, na kwenye baadhi ya vyuo vikao vya kawaida ni vichache kwa muhula. Epuka kulenga kikao cha bajeti. Siku hiyo muda wote huliwa na mafungu.

Spika anaweza kuipeleka hoja kwenye kamati kwanza. Usilichukulie kama njama. Kwenye kamati kuna watu wachache, hakuna anayetafuta makofi, na wewe usiye mbunge unaweza kuitwa kutoa maelezo. Nenda na zile picha.

Hatua ya tano: siku ya kikao

Kitu cha kwanza ni akidi, idadi ya chini ya wabunge wanaotakiwa kuwepo ili kikao kiwe halali. Katiba ya nchi inataka nusu ya wabunge wote ndipo kikao cha Bunge la Dodoma kiwe halali. Mabunge ya wanafunzi hujiwekea kiwango chao. Adui wa akidi si uchache wa watu mwanzoni. Vikao huanza jioni baada ya vipindi, salamu na utambulisho hula saa nzima, na ikifika saa tatu usiku wanaokaa hosteli za mbali wanaanza kuchomoka mmoja mmoja kuwahi daladala. Mbunge yeyote akisimama wakati huo na kusema akidi haijatimia, spika lazima ahesabu, na wakipungua kikao kinaahirishwa. Wasiopenda hoja yako wanaijua mbinu hii vizuri sana. Kwa hiyo mwombe katibu hoja ipangwe mapema kwenye orodha ya shughuli, na waombe wanaokuunga mkono wasiondoke.

Mbunge wako atasoma hoja na kumalizia "Mheshimiwa Spika, naomba kutoa hoja." Lazima iungwe mkono, vinginevyo imekufa. Kisha mjadala, ambamo utasikia "taarifa!" na "utaratibu!" nyingi, nyingine za haki na nyingine za kujionyesha tu. Kama mtu anataka kubadili siku 7 kuwa 14, alete marekebisho kwa maandishi na yaamuliwe kwanza. Mwishoni spika atauliza wanaoafiki waseme ndiyo. Sauti zikikaribiana, mbunge wako adai kura za kuhesabiwa papo hapo, kwa kuwa baadaye hakuna atakayerudia.

Hatua ya sita: baada ya "waliosema ndiyo wameshinda"

Kesho yake nenda kwa katibu ukaone azimio limeandikwaje. Neno "ndani ya siku 7" likigeuka "mapema iwezekanavyo" kwenye muhtasari, umepoteza ulichopigania, na marekebisho ya muhtasari hufanyika kikao kijacho kabla haujathibitishwa. Baada ya hapo omba nakala ya barua iliyokwenda kwa Mshauri wa Wanafunzi.

Siku zikipita bila jibu, kishawishi ni kumwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi. Julai 1971 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Symonds Akivaga, Mkenya aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi, aliandika barua ya wazi kwa Pius Msekwa aliyekuwa Makamu Mkuu wa Chuo. Akaondolewa chuoni na kurudishwa kwao, na wanafunzi wakasusia masomo. Msekwa huyo huyo baadaye akawa Spika wa Bunge la Muungano. Leo mambo si yale, lakini sheria ndogo za wanafunzi bado zina vifungu vya nidhamu, navyo visome kabla ya kubandika chochote ukutani.

Njia iliyo salama, na mara nyingi yenye kasi zaidi, ni swali la maandishi kwa waziri katika kikao kinachofuata: barua ilikwenda tarehe gani, ilijibiwaje, amefuatilia mara ngapi? Akishindwa kujibu mara mbili, kanuni nyingi zinaruhusu hoja ya kutokuwa na imani naye. Na kama uchaguzi umekaribia, mkabidhi mbunge mpya faili lote, pamoja na ile nakala yenye muhuri, maana bunge likivunjwa hoja ambazo hazijakamilika kwa kawaida huanza upya.