Kabla hujaanza kitabu chako cha kwanza cha Kiingereza

Lubumbashi haina upungufu wa watu walioanza kitabu cha Kiingereza. Waliokimaliza ndio wachache. Ukiwauliza walioacha, mmoja atasema hana muda, mwingine atasema kichwa chake si cha lugha. Mimi nadhani wengi walishindwa kabla ya ukurasa wa kwanza, siku walipokichukua kitabu kwa sababu kilikuwa cha bei nafuu, au kilikuwa na jalada zuri, au shemeji alikileta kutoka Ndola na ikawa vibaya kukikataa. Yako mambo ya kuangalia mapema, na mengi hayagharimu hata franka moja.

Anza kwa kujiuliza Kiingereza chako umekipata wapi. Aliyekipata darasani anajua kusoma sentensi, anajua wakati uliopita na ujao, ila maneno anayatamka kwa sauti ya Kifaransa na hajawahi kuyasikia yakisemwa mbio. Aliyekipata Kasumbalesa, mpakani na Zambia, akipatana bei na Wazambia au akisubiri karatasi za forodha pamoja na madereva wa malori, husikia kila kitu na hujibu papo hapo, lakini neno analolitumia kila siku akilikuta limeandikwa hulipita kama mgeni. Si kosa lake. Tahajia ya Kiingereza haifuati sauti: though, through na tough zinaishia kwa herufi nne zilezile, na kila moja inatamkwa kivyake. Huyu wa mpakani atafute hadithi yenye sauti, asikilize huku kidole kinafuata mstari. LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, inatoa bure rekodi za vitabu visivyo tena na hakimiliki. Saa moja ya sauti inaweza kula megabaiti 30 hivi, kwa hiyo pakua penye Wi-Fi, na uchukue hadithi fupi, maana vitabu vyenyewe ni vya zamani na si vyepesi. Wa darasani naye asikilize, ila kwake haraka si kubwa.

Jambo zito kuliko yote ni kiwango cha kitabu. Paul Nation, mtaalamu wa New Zealand aliyetumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyojifunza msamiati, alionyesha pamoja na mwenzake mwaka 2000 kwamba msomaji anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi bila msaada. Piga hesabu hiyo kwenye karatasi. Ukurasa wa kawaida wa riwaya una maneno kama 300. Asilimia 2 ya hapo ni maneno 6. Yakifika 15 huyajui, umeshuka hadi asilimia 95, na hapo utakuwa unafasiri badala ya kusoma. Basi kabla hujalipa, fungua kitabu katikati (kurasa za mwanzo hudanganya, waandishi wengi huanza polepole), soma ukurasa mmoja na uhesabu kwa vidole maneno usiyoyajua. Muuza vitabu aliyevipanga chini kando ya barabara atakutazama kwa jicho la kuuliza kama unanunua au unasoma bure. Mwache akutazame.

Nation huyohuyo alikadiria mwaka 2006 kwamba riwaya za kawaida, zilizoandikwa kwa ajili ya Waingereza na Wamarekani wenyewe, zinadai familia za maneno 8000 hadi 9000 (familia moja ni neno pamoja na maumbo yake, kama help, helped na helpful). Aliyemaliza sekondari yetu yuko mbali na hapo, hata kama alipata alama nzuri kwenye mtihani wa Serikali. Ndiyo maana wachapishaji hutoa vitabu vilivyorahisishwa kwa wanaojifunza. Oxford Bookworms, kwa mfano, ngazi yake ya kwanza inatumia maneno ya msingi 400 na ya sita 2500, na ngazi imeandikwa kwenye jalada. Watu wazima huona haya kushika vitabu hivi. Baba mwenye shahada na miaka kumi ya ualimu hataki watoto wamkute na kitabu chembamba chenye picha. Haya hiyo ndiyo inayowarudisha wengi kwenye kitabu kinene kisichosomeka. Ukikuta kitabu kinakuwa rahisi mpaka unajisikia unadanganya, hicho ndicho chako.

Upande wa pili kuna fahari ya nyumbani. Mwanafalsafa V.Y. Mudimbe alizaliwa Likasi, akafundisha chuo kikuu hapa Lubumbashi, kisha akahamia Marekani, na kitabu kilichompa jina kubwa zaidi duniani, The Invention of Africa cha mwaka 1988, alikiandika kwa Kiingereza. Mwanafunzi mwenye moyo hutaka aanzie hapo. Asithubutu! Kitabu hicho kinawatoa jasho hata waliozaliwa katika Kiingereza.

Sasa aina ya maandishi, na hapa sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuna faida tunayoisahau. Baada ya Wanormandi, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikaa huko karne kadhaa kama lugha ya watawala na mahakama, na kikaacha maelfu ya maneno: justice, government, decision, information. Matokeo yake ni ya kushangaza kidogo. Habari ya gazeti kuhusu bei ya shaba au kesi ya mahakamani inaweza kuwa nyepesi kwako kuliko hadithi ya watoto kuhusu bibi, ndoo na mbuzi, kwa sababu maneno ya ofisini yamefanana na Kifaransa na maneno ya uani hayakufanana. Kwa hiyo usishangae kitabu cha watoto kikikushinda na taarifa ya kampuni ya madini ikakukubali. Kama unasoma kwa ajili ya kazi ya Kolwezi au Likasi, anza na maandishi ya aina hiyo, habari fupi na maelezo ya usalama kazini, kisha rudi kwenye hadithi kuchukua ndoo na mbuzi. Jihadhari tu na maneno yanayofanana kwa sura na kuachana kwa maana: library (maktaba) si librairie (duka la vitabu), na actually (kwa kweli) si actuellement (kwa sasa).

Karatasi au simu? Karatasi, ukiipata, kwa sababu haipokei ujumbe wa WhatsApp. Lakini wengi watasoma kwenye simu, basi iandae. Epuka PDF iliyopigwa picha kurasa nzima. Ukikuza herufi, mstari unatoka nje ya kioo, unausukuma kushoto na kulia, na baada ya kurasa mbili kilichochoka ni kidole. Tafuta faili ya EPUB, ambayo maneno yake hujipanga upya kulingana na upana wa kioo. Riwaya isiyo na picha mara nyingi haifiki hata megabaiti moja. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina vitabu zaidi ya 70,000 vya bure, ila vingi ni Kiingereza cha karne ya 19, sentensi moja mistari saba. Bure hiyo iache kwanza. Kwa anayeanza kabisa, African Storybook ya Afrika Kusini ni bora zaidi: hadithi fupi zilizopangwa kwa ngazi, nyingi ziko kwa Kiingereza na kwa Kiswahili pia, kwa hiyo unaweza kuisoma kwanza kwa lugha yako na kuingia kwenye Kiingereza ukijua mbuzi atakufa au atapona.

Kamusi nayo ikaguliwe kabla ya kununuliwa. Mjini utaona zaidi za Kifaransa na Kiingereza, na zinatosha. Ukibahatika kupata ile ya Kiingereza na Kiswahili ya TUKI, taasisi ya Kiswahili ya Dar es Salaam, iliyotoka mwaka 1996, itakusaidia kwa maneno ya jikoni na shambani. Ya mtumba igeuze nyuma. Kwenye kurasa za mwisho ndipo kamusi nyingi huweka jedwali la vitenzi visivyofuata kanuni, na hizo ndizo hung'oka mapema. Bila jedwali hilo utakutana na brought, utalitafuta, na katika kamusi ndogo huenda usilikute, kwa kuwa limewekwa chini ya bring. Kisha tafuta give, uone kama wameeleza give up na give in. Kama hawakueleza, irudishe: Kiingereza cha kila siku kimejaa vitu kama hivyo, ambavyo unajua kila neno na bado hujui kilichosemwa.

Kwenye simu, pakua kamusi inayofanya kazi bila intaneti, na uijaribu ukiwa umezima mega, yaani data.

Muda upange kulingana na umeme wa mtaa wenu. Kama unakatika jioni, simu ishibe mchana na taa ya sola iwe karibu, au hamisha kusoma alfajiri kabla watoto hawajaamka. Nusu saa kila siku inakufikisha mbali kuliko Jumapili moja nzima. Daftari liwe dogo na uweke kikomo: maneno matano kwa siku, yale yaliyojirudia tu. Anayeandika kila neno geni atakuwa na daftari zuri na kitabu kisichosogea.

Mwisho, amua leo ni ukurasa wa ngapi utakaporuhusiwa kukiacha. Mimi hupendekeza wa 20. Kikiwa bado kinakukwaruza hapo, mpe mtu mwingine, au kirudishe kwa muuzaji na uongeze kidogo upate chembamba zaidi. Wengi wao hukubali kubadilishana, mradi jalada halijakunjwa.